Kila Alfajiri Mume Wangu Anajua Niko Feri

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye baraza la duka lililofungwa, ndoo ya samaki iko miguuni. Nyumbani siwezi kuandika haya. Simu yangu mtoto anaichezea, na mama mkwe akiniona nimeinama sana lazima aulize nasoma nini.

Nina miaka 29. Naishi Mbagala na mume wangu, binti yetu wa miaka sita, na mama mkwe ambaye tulimchukua baada ya baba mkwe kufariki. Mume wangu ni fundi seremala pale Keko. Ni mtu mpole, hajawahi kuninyanyulia mkono, na hela ya matumizi haachi kuiacha. Nayasema haya mapema ili usije ukafikiri nimekuja kumsema. Mimi nakaanga samaki. Kila siku isipokuwa Ijumaa natoka nyumbani saa kumi alfajiri, napanda daladala mpaka Feri, nanunua vibua mnadani, narudi, na jioni naweka karai barazani.

Uongo wangu ulianza mwaka jana. Siku hiyo boti zilichelewa, mnada ukawa haujaanza, nikawa nimesimama tu kando ya barabara. Wakapita akina mama wanakimbia, kama kumi na mbili hivi, mmoja ni mtu mzima kabisa, umri wa mama yangu. Wanakimbia wanapiga stori. Shangazi, shule ya msingi nilikuwa nakimbia mpaka ngazi ya wilaya. Nilipovunja ungo baba akasema imetosha, nami nikaona ni kweli imetosha. Siku ile sijui nini kiliniingia. Nikamwachia ndoo dada anayeparua samaki, nikawafuata na makubazi yangu na kanga kiunoni. Nilifika mbele kidogo ya Ikulu nikashindwa kupumua. Nilirudi nacheka peke yangu kama mwehu.

Sasa ni miezi kumi, mara nne au tano kwa wiki. Yule dada namwachia ndoo, simu na shilingi elfu mbili, yeye ananinunulia samaki na kuwaparua. Naswali pale pale Feri, nabadilisha nguo, navaa suruali pana na fulana ya mikono mirefu, mtandio naufunga kwa nyuma. Napita Barabara ya Barack Obama, napanda Daraja la Tanzanite, nafika Coco Beach, nageuza. Saa moja kasoro nimerudi kwenye ndoo yangu.

Coco kuna kocha, mwanajeshi mstaafu, anafundisha kikundi. Ndiye aliyeniuzia kwa mkopo viatu vya mtumba vya mbio, ndiye aliyenifundisha kuhesabu mwendo. Mwezi uliopita niliingia mbio za hisani, kilomita 21. Nilijiandikisha kwa jina la utotoni ambalo huku Mbagala hawalijui. Nilimaliza kwa saa 1 na dakika 36, nikawa wa tano kwa wanawake. Nikapewa medali na bahasha ya shilingi 150,000. Sijawahi maishani kushika hela ambayo sikuikaangia. Vyote viwili nimevifukia chini ya ndoo ya unga.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia mume wangu. Zamani kidogo, kabla sijaanza, tulikuwa tunaangalia taarifa ya habari, wakaonyesha wanawake kwenye marathoni. Mume wangu akasema, "Sasa hawa wake za watu wanakimbia kwenda wapi?" Mama mkwe akadakia kwamba mwanamke akikimbia sana kizazi kinashuka, na kisiposhuka kinakauka. Mimi nikanyamaza. Hata nilipoanza nikaendelea kunyamaza.

Sasa nimebanwa. Kocha anasema nikimbie kilomita 42 kule Moshi mwezi wa Februari, na kabla ya hapo niende Arusha wiki tatu nikafanye mazoezi kwenye mwinuko, nauli atatoa yeye. Halafu kuna mwenzangu wa kikoba ameniletea picha ya siku ile ya mbio, akaniuliza, "Huyu ni wewe au una pacha?" Nimemwambia nina pacha. Na mume wangu ameanza kuuliza mbona siku hizi Feri inanichelewesha.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Tunatafuta mtoto wa pili, na mimi sijaona siku zangu miezi minne. Mimba sidhani, sina dalili hata moja, lakini sijapima kwa sababu naogopa jibu lolote litakalotoka. Nilikuwa na kilo 62, sasa nina 51. Alfajiri natoka na chai ya rangi, nakula kitu cha maana saa saba mchana, na Jumatatu na Alhamisi nafunga. Ugoko wa kulia unaniuma hata nikiwa nimelala. Mama mkwe ananitazama tu na kusema, "Mwanangu unakauka." Naogopa yeye ndiye mkweli.

Dada yangu anasema mume haambiwi kila kitu, nikimbie kwanza Moshi, nikirudi na medali kubwa atanyamaza mwenyewe. Mimi najiona mwongo kila ninapomwekea chakula mezani. Nimwambie? Niache kimya kimya kama vile haikuwahi kuwepo? Au nimfuate dada?

Usinitaje jina, tafadhali.

Mwenye Ndoo, Mbagala

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikwama pale uliposema hujawahi kushika hela ambayo hukuikaangia. Nikaiweka chini, nikaenda kuchemsha chai, ndipo nikarudi kuimalizia.

Nikueleze nilivyokuelewa, na nikikosea unisahihishe. Unapenda kukimbia, na una kipaji, maana saa 1 na dakika 36 kwa mtu wa miezi kumi anayekimbia kati ya mnada na karai si jambo dogo. Mumeo unampenda na unamheshimu. Kwa miezi kumi umevitenganisha vitu hivi viwili visikutane, na sasa vinakutana vyenyewe: kwa picha ya kikoba, kwa maswali ya kuchelewa, na kwa mwili wako. Wewe umeniuliza kuhusu mume na kuhusu Moshi. Mimi niruhusu nianze na mwili, kwa sababu wenyewe haungoji tumalize mazungumzo.

Kapime mimba kwanza. Najua unaogopa, lakini kipimo ni cha bei ndogo, dakika chache unajua, na kila kitu kingine kinategemea jibu hilo. Ikiwa hakuna mimba, nenda ukamwone daktari, na umwambie yote: kilo ulizopoteza, unavyokula, kilomita unazokimbia, na ugoko unaouma usiku. Usimfiche daktari kama ulivyoficha nyumbani. Siku kukatika zaidi ya miezi mitatu ni jambo la kuangaliwa kwa kila mwanamke, akimbie asikimbie. Inaweza kuwa tezi ya shingo, inaweza kuwa homoni, inaweza kuwa mawazo.

Lakini kuna hali moja inayojulikana sana kwa wanariadha, na uliyoyaandika yanafanana nayo mno. Mwili ukitumia nguvu nyingi kuliko chakula unachoupa, unaanza kubana matumizi. Unafanya kama wewe unavyofanya mwezi ukiwa mgumu: unalipa kodi ya nyumba na unga, nguo mpya zinasubiri. Moyo na mapafu vinapewa kwanza, uzazi unasubiri. Siku zinakatika. Homoni inayolinda mifupa inashuka, mifupa inapungua nguvu, na ugoko unaanza kuuma hata ukiwa kitandani, kwa sababu huenda mfupa wenyewe umeanza kupata ufa mwembamba. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko rasmi kuhusu hali hii mwaka 2014, na ikasema inawapata hata wanaume. Sisemi ndiyo uliyonayo, hilo ni la daktari. Ila nakusihi ugoko huo usiukimbilie mpaka ujue una nini. Kama ni ufa, kilomita chache tu za ukaidi zinaweza kukuweka chini miezi.

Sasa mama mkwe. Yeye amesema mbio zinakausha kizazi, nawe umebaki na hofu kwamba ndiye mkweli. Mimi naona sababu aliyoitoa siyo, lakini macho yake hayakukosea. Ameona mkwewe anakonda, anakula mara moja, rangi imempotea. Katika nyumba hiyo ni yeye peke yake aliyesema kwa sauti kwamba una tatizo. Ukikaa ukawaza hivyo, huenda yule mama si adui wa mbio zako kama ulivyomchora. Kinachoonekana kukukausha ni chai ya rangi ya alfajiri na kilomita 12 juu yake, na Jumatatu na Alhamisi juu ya hizo. Faith Kipyegon wa Kenya alipata binti mwaka 2018. Dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 alikuwa nayo tangu Rio 2016, akarudi kuichukua tena Tokyo na tena Paris. Kizazi na mbio vimekaa nyumba moja bila ugomvi, lakini katika nyumba yenye chakula.

Na hata hilo la kizazi kushuka, mkweo hakulitunga. Kizazi kushuka kupo, na wanawake wa umri wake wameiona hali hiyo kwa majirani na ndugu zao: misuli ya nyonga iliyolegea baada ya uzazi mwingi, kazi nzito, na miaka. Mwanamke ambaye tayari ana dalili hizo anahitaji ushauri kabla ya kuanza kurukaruka. Lakini mwanamke mzima wa afya hadondoshi kizazi kwa kukimbia, na maneno hayo hayakuanzia Mbagala. Kathrine Switzer, mkimbiaji wa Marekani, amesimulia kwamba naye aliambiwa hivyo hivyo ujanani. Mwaka 1928, kwenye Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Magazeti yakaandika kwamba walidondoka ovyo wamezimia, ingawa wote tisa walimaliza fainali ile. Kwa habari hizo mbio zile zikafutwa kwa wanawake mpaka mwaka 1960. Marathoni ya Olimpiki wanaume walianza kuikimbia mwaka 1896, wanawake wakaruhusiwa mwaka 1984 kule Los Angeles. Miaka 88, mwanangu. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari mwaka huo.

Nikwambie na langu kidogo. Mwaka 1974 Filbert Bayi aliposhinda mita 1500 kule Christchurch na kuvunja rekodi ya dunia, mtaa mzima tulikimbia kuzunguka nyumba tukiigiza, wasichana na wavulana. Baada ya kitambo mama akaniita mimi ndani nikachambue mchele. Kaka zangu waliendelea kuzunguka, nami nikawa nasikia miguu yao kupitia dirishani. Hakuna aliyenikataza kukimbia. Niliitwa tu ndani. Nadhani nawe baba yako hakukukataza kwa ubaya, na ndiyo maana ulikubali kwamba imetosha. Kwa hiyo nilipofika kwenye makubazi na kanga kiunoni, nilikuelewa kabla hujaeleza.

Turudi kwa mumeo. Kwa kweli hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Umejenga miezi kumi ya siri juu ya sentensi moja: "Hawa wake za watu wanakimbia kwenda wapi?" Nikuulize kwa upole: aliisema kwa nani? Aliisema kwa televisheni. Kuhusu watu asiowajua, mama yake akiwa kakaa pembeni, baada ya siku nzima ya kupiga randa Keko. Hakuwa amekuona wewe na kanga kiunoni ukicheka peke yako. Inawezekana kabisa anaamini alichosema, na ukimwambia atasema hicho hicho kwa ukali zaidi. Simjui, wewe unamjua. Lakini kwa barua yako, hajawahi kuulizwa. Wewe umemuuliza moyoni mwako na umemjibia.

Kuna mwanamke aliitwa Bobbi Gibb. Mwaka 1966 aliomba kukimbia marathoni ya Boston, waandaaji wakamkatalia kwa sababu ni mwanamke. Akajificha vichakani karibu na mahali pa kuanzia, kavaa kaptura ya kaka yake na sweta lenye kofia, na wanaume walipoanza kukimbia akajichomeka katikati yao. Joto likamzidi. Alitaka kuvua lile sweta lakini aliogopa wanaume wakimwona watamtoa. Waliokuwa karibu naye walikuwa wameshamtambua, wakamwambia hawatakubali mtu amtoe. Akavua. Alimaliza kwa saa 3 na dakika 21, mbele ya wanaume wengi. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer, niliyemtaja, alijiandikisha kwa herufi za mwanzo za jina lake, akapewa namba 261, na afisa wa mbio akamrukia barabarani kujaribu kuing'oa. Barabara ile ile, mwaka mmoja tu kati yao. Wewe umejiandikisha kwa jina la utotoni, kwa hiyo umeshakaa ndani ya lile sweta na unajua joto lake. Mumeo atakuwa upande gani, mimi siwezi kukuahidi.

Ndugu yako anasema subiri Moshi, medali itamnyamazisha. Naona anavyokupenda, anataka ushinde kwanza ndipo uhojiwe. Lakini fikiria unavyopata ruhusa ya kwenda Moshi, na wiki tatu za Arusha. Utasema unakwenda wapi? Feri haina wiki tatu. Itabidi utunge msiba au mgonjwa, na uongo wa mgonjwa ni mzito kuliko wa samaki. Na medali ikitoka mbele yake, haitasema tu kwamba mkewe ni hodari. Itasema pia siku zote alizodanganywa, na huenda yeye akasikia hilo la pili peke yake. Mume mwema asiyeambiwa huwa anaumia kwa kitu kimoja hasa: kwamba dada wa samaki alijua, kocha alijua, dada yako alijua, yeye ndiye wa mwisho. Halafu kuna bahasha. Hela iliyofukiwa chini ya unga, mtu akiifukua bila maelezo, hataiwaza mbio. Atawaza mwanamume. Na kocha yupo, na picha ipo.

Na njia ya kuacha kimya kimya nimeipima. Kuna utulivu wake: picha itasahaulika, utarudi saa moja kamili na ndoo, na kama daktari atakupumzisha kwa ajili ya ugoko basi kuacha kwenyewe kumeshaanza. Lakini sijui kama kutakuondolea lile la kujiona mwongo, maana miezi kumi itabaki imefukiwa. Na sijui furaha ile itakwenda wapi. Wewe unajua vizuri kuliko mimi kama uliwahi kuizika mara moja, pale ulipovunja ungo, na kama ilikubali kuzikika.

Ukiamua kumwambia, sioni kwamba lazima iwe kwa pigo moja usiku akiwa amechoka. Huenda ukaanza na afya, maana hiyo ni yenu wote wawili: kwamba siku zimekatika, kwamba unakwenda kupima, na kwamba una jambo linalohusika ambalo umelificha na unaliona aibu. Huenda ukaweka bahasha na medali mezani kabla hujafungua mdomo. Wengine humtanguliza mtu, somo, mjomba, mzee anayeheshimiwa na mume. Hilo linapunguza hasira, lakini linaongeza tena mtu mmoja aliyejua kabla yake. Wengine wangemwomba mume siku moja aamke nao waende Feri pamoja, aone barabara yenyewe ilivyo na watu alfajiri, wazee, askari, akina mama na mitandio yao. Wewe unajua mumeo anaelewa kwa maneno au kwa macho. Fundi seremala, nadhani, ni mtu wa macho.

Na anaweza kukataa. Sitaki nikupambie. Anaweza kusema basi, na katika nyumba yenu neno lake na idhini yake vina uzito wa dini pia, wala sitakwambia uvipuuze. Akikataa, sikiliza anakataa nini hasa. Kuna mume anayekataa mavazi, kuna anayekataa giza la alfajiri, kuna anayekataa kocha mwanamume, kuna anayekataa maneno ya majirani, na kuna anayekataa yote. Manne ya mwanzo yana mazungumzo. Kama ni mavazi, mwonyeshe Sifan Hassan, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 kwa ajili ya Uholanzi, na alipopanda kupokea dhahabu yake alikuwa amevaa hijabu. Kama ni kwamba hizi ni habari za wanawake wa nchi za watu, mwambie habari za Magdalena Shauri, Mtanzania, aliyekuwa wa tatu marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Na kama ni suala la idhini na dini, yupo shekhe mnayemwamini nyote wawili. Nendeni pamoja.

Kuhusu kocha nitasema machache. Sina sababu ya kumtilia shaka mtu nisiyemjua, na umesimulia mema yake. Lakini wiki tatu Arusha kwa nauli ya mtu mwingine zina maswali, na kocha mwenye heshima hakasiriki akiulizwa. Utalala wapi, na wanawake gani wengine? Nani analipa chakula? Ukishinda, anategemea nini? Na mimi ningeongeza moja: je, amewahi kukuuliza unakula nini na kama siku zako zinakwenda sawa? Anayefundisha wanawake mbio ndefu anapaswa kuuliza, au awe na mwanamke wa kuuliza kwa niaba yake. Kama hajauliza na anakupeleka kilomita 42, mara mbili ya ulizowahi kukimbia, hapo nina wasiwasi.

Tena tazama kalenda. Mbio za Moshi huwa mwishoni mwa Februari, na mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia humo humo. Wewe unayefunga hata Jumatatu na Alhamisi, sidhani umelipanga hilo. Mbio hizo zimekuwepo tangu mwaka 2003 na hazihami. Sikwambii usiende. Nasema tu kwamba tarehe hiyo imewekwa na kocha, na maswali yako mengi yanabana kwa sababu yamesukumwa kuelekea tarehe hiyo. Ukiiondoa tarehe, sijui ni mangapi yatabaki kuwa ya haraka. Kipimo kitabaki. Mumeo atabaki. Yale mengine labda yanaweza kupumua.

Jambo moja silitoi katika fungu la haraka, na nimeliacha mwisho kwa sababu lilinishtua kuliko picha ya kikoba. Unakimbia gizani, magari yanapita, simu umeiacha kwenye ndoo, jina ulilojiandikishia si lako. Pikipiki ikikugonga pale karibu na daraja, watakaokuokota hawatajua wewe ni nani, na mumeo atakutafuta Feri siku nzima akiuliza wauza samaki. Mtoto wako wa miaka sita atakuwa nyumbani anangoja.

Kwa hiyo mengine yote yafikirie taratibu, na ukipata majibu ya daktari niandikie, hata mistari miwili. Lakini kesho alfajiri, daktari akiwa bado hajakuona, mguu upumzishe. Kaa na yule dada wa samaki, ule chapati na maharage mpaka ushibe. Na kabla hujaondoka, mwandikie kwenye karatasi namba ya mumeo na jina lako la kweli.

Shangazi